Jua, Volkano au Sisi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupanda kwa Joto la Dunia

Ninafundisha jiografia mkoani Kilimanjaro, na kila mwaka tukifika mada ya tabianchi kengele hulia maswali hayajaisha. Wazazi huniuliza kwenye vikao vya shule, abiria wenzangu kwenye daladala, na jamaa wa ukoo tukikutana harusini au msibani. Nyuma ya maswali mengi limejificha swali moja: joto hili limeletwa na asili au tumelileta wenyewe? Ni swali zuri, na anayeliuliza hastahili kubezwa. Asili ina nguvu zake za kupandisha na kushusha joto, na nguvu hizo zinafahamika vizuri. Ila kila moja ikipita huacha nyayo zake, na nyayo husomeka. Nimeandika majibu haya ili tuzisome pamoja.

Joto limepanda kiasi gani hasa?

Ukilinganisha muongo wa 2011 hadi 2020 na kipindi cha 1850 hadi 1900, wastani wa joto la uso wa dunia umepanda kwa nyuzi 1.1 za Selsiasi. Mwaka 2024 ulivunja rekodi zote: Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria kuwa ulizidi wastani wa kipindi hicho cha zamani kwa nyuzi 1.55. Miaka ya 1850 hutumika kama mwanzo kwa sababu ndipo vipimajoto vilipokuwa vingi vya kutosha, nchi kavu na kwenye meli. Taasisi za Marekani, Uingereza, Japani na Ulaya hupiga hesabu hizi kila moja kwa njia yake, na hufika karibu mahali pamoja.

Nyuzi moja na nusu ni kitu gani? Moshi mjini asubuhi na mchana hutofautiana kwa nyuzi kumi.

Hiyo ni siku moja, mji mmoja. Wastani wa dunia nzima ni mzigo mzito ambao hausogei kirahisi. Wakati wa enzi ya mwisho ya barafu, miaka 20,000 iliyopita, dunia ilikuwa na ubaridi zaidi kwa takribani nyuzi 6 tu. Kwa tofauti hiyo barafu ilifunika karibu Kanada nzima na kaskazini ya Ulaya, na bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 120 kuliko leo. Robo ya safari ya namna hiyo, kuelekea upande wa joto, si kidogo hata kidogo.

Lakini tabianchi si imekuwa ikibadilika tangu zamani, hata kabla ya magari?

Imebadilika sana, na kwetu Afrika Mashariki ushahidi uko chini ya miguu yetu. Yapata miaka 16,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikuwa limekauka. Watafiti waliotoboa matope ya sakafu yake walikuta tabaka la udongo wa nchi kavu pale ambapo leo wavuvi wa Mwanza na Kisumu wanatega sangara. Baadaye mambo yakageuka. Kuanzia miaka kama 11,000 hadi 5,000 iliyopita mvua zilikuwa nyingi, Sahara ilikuwa na nyasi na viboko, na Ziwa Turkana lilijaa hadi likamwaga maji yake upande wa Nile.

Chanzo kikubwa cha mageuzi hayo ni mwendo wa dunia yenyewe. Umbo la njia inayopita kulizunguka jua hubadilika kwa mizunguko ya takribani miaka 100,000. Mwinamo wa mhimili wake huongezeka na kupungua kwa miaka 41,000. Na mhimili huo huyumba kama pia ya mtoto inayokaribia kuanguka, kwa mzunguko wa yapata miaka 23,000. Mserbia Milutin Milankovitch alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuipigia hesabu mizunguko hii kwa mkono. Mwanga wa jua hugawanywa upya kati ya majira, na kati ya kaskazini na kusini. Enzi za barafu zilianza na kuisha kwa njia hiyo.

Sasa angalia mwendo wake. Mizunguko hii hufanya kazi kwa maelfu ya miaka, na kwa mpangilio wa sasa ilikuwa ikiipeleka dunia kwenye ubaridi, polepole mno. Joto tunalolizungumzia limepanda katika umri wa babu na mjukuu wake, tena kuelekea upande wa pili.

Basi ni jua.

Jua ndilo linalotupa joto, kwa hiyo ni haki kulishuku kwanza. Tangu mwaka 1978 setilaiti zimekuwa zikipima nguvu yake juu ya angahewa, mahali pasipo na mawingu wala vumbi. Ni takribani wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Hupanda na kushuka kwa asilimia 0.1 hivi katika mzunguko wa miaka kama 11, kisha hurudi ilipokuwa. Katika muda wote huo jua halijaongeza nguvu, ilhali joto la dunia limeendelea kupanda.

Kuna ushahidi mwingine, na huu ndio ulionishawishi mimi kuliko yote. Jua likizidisha moto, angahewa nzima hupata joto, juu na chini. Maputo na setilaiti zinapima kitu tofauti: tabaka la chini tunamoishi linapata joto, na stratosfia, tabaka lililo juu yake, ambayo hapa ikweta huanzia yapata kilomita 17 juu yetu, inapoa. Hizo ni nyayo za hewa ukaa, yaani dioksidi ya kaboni, gesi inayotoka tunapochoma makaa ya mawe na mafuta. Huku chini hunasa joto; kule juu, hewa ikiwa nyembamba, hulitoa na kulipeleka anga za mbali. Syukuro Manabe na Richard Wetherald waliliona jambo hili kwenye hesabu zao mwaka 1967, kabla setilaiti hazijalipima. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 90.

Tena, katika sehemu nyingi za dunia usiku umepata joto haraka kuliko mchana. Usiku jua halipo.

Na volkano? Tunazo hapa jirani.

Swali hili huja na majina ya kwetu: Ol Doinyo Lengai, Nyiragongo, Nyamulagira. Hewa ukaa inayotoka kwenye volkano zote za dunia, pamoja na zilizo chini ya bahari, haifiki tani nusu bilioni kwa mwaka. Binadamu, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi na kwa kutengeneza saruji, hutoa zaidi ya tani bilioni 37.

Mlipuko mkubwa kwa kweli hupoza dunia. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 ulirusha tani milioni 15 au zaidi za dioksidi ya salfa hadi stratosfia. Gesi hiyo iligeuka matone madogo sana yaliyorudisha mwanga wa jua ulikotoka, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu nyuzi. Ndani ya miaka michache matone yalidondoka yote na joto likaendelea na safari yake. Tambora, Indonesia, ilifanya makubwa zaidi mwaka 1815: mwaka uliofuata sehemu za Ulaya na Amerika Kaskazini zilikosa kiangazi, mazao yakaungua kwa baridi na watu wakafa njaa. Nyiragongo imewaliza ndugu zetu wa Goma mwaka 2002 na tena 2021, lakini madhara yake yalikuwa ya lava inayotiririka. Haikurusha salfa ya kutosha hadi huko juu kuweza kutikisa joto la dunia.

Redio kila mara inasema ni El Niño.

El Niño ni kipindi ambacho Bahari ya Pasifiki inaachia joto iliyokuwa imelihifadhi. Kwetu neno hili limekuwa jina la mafuriko tangu mvua za 1997 na 1998 zilipobomoa madaraja na reli. Ikija, wastani wa dunia hupanda kwa sehemu moja au mbili za kumi za nyuzi kwa mwaka hivi; ikija La Niña, iliyo kinyume chake, hushuka. El Niño ya 2023 na 2024 ilisaidia kuvunja rekodi, hilo halina ubishi.

Lakini El Niño huhamisha joto, haiongezi. Miaka ya 2021 na 2022 ilikuwa ya La Niña, yaani miaka ya kupoa, na bado ilikuwa na joto kuliko mwaka 1998 wenye El Niño iliyotutia hofu wote. Na kama bahari ndiyo ingekuwa inatupa joto hili, yenyewe ingepoa. Vipimo vinaonyesha kuwa takribani asilimia 90 ya joto la ziada limeingia baharini, na bahari inazidi kupata joto hadi kwenye vina vya mita 2,000.

Hewa ukaa ni chini ya sehemu moja katika elfu mbili za hewa. Kitu kidogo hivyo kinawezaje?

Wanafunzi wangu hulipenda swali hili kwa sababu linaonekana kumbana mwalimu. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ni asilimia 99 ya hewa kavu, huliachia joto la ardhini lipite bila kuligusa. Kazi yote ya kulizuia hufanywa na gesi chache zilizobaki. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka mitungi ya kioo juani na kuona ule wenye hewa ukaa ukipata joto zaidi na kuchelewa kupoa. Mwaka 1859 John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, akaanza kupima jinsi gesi mbalimbali zinavyonasa joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi akapiga hesabu ya joto lingepanda kiasi gani hewa ukaa ikiongezeka maradufu. Hakukuwa na siasa ya tabianchi wakati huo. Walikuwa watu wenye vipimajoto na kalamu.

Aliyewahi kulala Makete analijua hili bila kitabu. Usiku ambao anga ni jeupe, lenye nyota tele, baridi huingia hadi kwenye mifupa. Usiku wenye mawingu huwa afadhali, kwa sababu mawingu na mvuke huzuia joto la ardhi lisitoroke. Bila gesi hizi wastani wa dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 hivi juu yake.

Mvuke una nguvu kuliko hewa ukaa, ni kweli. Ila mvuke hukaa hewani siku chache tu kisha hunyesha, na wingi wake hutegemea joto: kila nyuzi moja ikipanda, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Kwa hiyo mvuke hukuza joto lililoanzishwa na kitu kingine. Hewa ukaa haishuki na mvua namna hiyo.

Mnajuaje kwamba hewa ukaa ya ziada imetoka kwa watu?

Charles David Keeling alianza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Alikuta chembe 315 katika kila chembe milioni za hewa. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umepita 420. Mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha kuwa kabla ya viwanda ilikuwa 280, na kwamba kwa miaka 800,000 haikuwahi kuvuka 300 na ushei.

Kaboni yenyewe nayo ina alama, kwa kuwa iko ya aina tatu zinazotofautiana uzito: kaboni-12, kaboni-13 na kaboni-14. Kaboni-14 huoza, na baada ya makumi ya maelfu ya miaka hupotea kabisa. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini kwa mamilioni ya miaka, hivyo hayana hata chembe yake. Mimea pia hupendelea kaboni-12 kuliko kaboni-13, na makaa na mafuta vilitokana na viumbe wa kale. Hewa ya sasa inazidi kupungukiwa na kaboni-13, na kaboni-14 yake imezimuliwa na kaboni ya kale. Oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo, kama inavyopaswa pale kitu kinapoungua. Volkano haitumii oksijeni kutoa hewa ukaa yake.

Nimesoma kwamba kwenye barafu za kale joto lilitangulia, hewa ukaa ikafuata.

Umesoma sawa, hasa kwa Antaktika. Mwendo wa dunia ulianzisha joto, bahari iliyopata joto ikaachia hewa ukaa, nayo ikaongeza joto na kulisambaza dunia nzima. Safari hii mlango umefunguliwa kutoka upande mwingine: hewa ukaa imetangulia, tumeitoa sisi. Inaweza kuwa matokeo na inaweza kuwa chanzo, kama kuku na yai.

Moshi wa viwanda si huziba jua na kupoza?

Ndiyo, na watu wengi hawaambiwi hili. Salfa inayotoka kwenye makaa ya mawe na mafuta mazito ya meli hurudisha mwanga wa jua na kung'arisha mawingu. Imeficha sehemu ya joto ambalo tungelipata. Mwaka 2020 meli zote zilitakiwa kupunguza salfa kwenye mafuta yao kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Ni jambo jema kwa mapafu ya watu wa bandarini, Mombasa na Dar es Salaam wakiwemo, lakini kifuniko kimepungua.

Nipe hesabu: asili kiasi gani, watu kiasi gani?

IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi lililoundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na UNEP, lile shirika la mazingira lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitoa mchanganuo mwaka 2021. Hadi muongo wa 2010 hadi 2019, gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto kama hewa ukaa, zilikuwa zimepandisha joto kwa nyuzi 1.0 hadi 2.0. Moshi na vichafuzi vingine vya binadamu vilishusha kwa kati ya sifuri na 0.8. Jumla ya mchango wa watu: takribani nyuzi 1.07. Jua na volkano kwa pamoja: kati ya kushusha 0.1 na kupandisha 0.1. Kwa maneno mengine, karibu joto lote ni letu.

Theluji ya Kilimanjaro je? Ni viwanda au ni ukataji miti?

Naomba nijibu kwa utulivu, maana huu ni mlima wa nyumbani na umesemwa mengi yasiyo sahihi, na pande zote.

Mwaka 1912 barafu ya kileleni ilifunika takribani kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Lakini kupungua huko kulianza kabla ya magari kuwa mengi, mwishoni mwa karne ya 19. Karibu na mwaka 1880 hali ya hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kuwa kavu zaidi, na maji ya Ziwa Victoria yalishuka ghafla miaka hiyohiyo. Juu ya mlima, mita zaidi ya 5,700, hewa kwa kawaida iko chini ya nyuzi sifuri. Barafu kule hupungua zaidi kwa kugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia maji, na inategemea theluji mpya ya kuifunika na kurudisha mwanga wa jua. Theluji ilipopungua, barafu ikaachwa uchi. Kwa hiyo anayesema barafu yote imeondoka kwa sababu ya moshi wa viwanda anaruka hatua.

Anayesema binadamu hahusiki kabisa naye anaruka. Mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake, waliotoboa barafu hiyo mwaka 2000 na kukadiria kuwa ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700, waliona dalili za kuyeyuka kwenye tabaka la juu ambazo hawakuziona chini yake. Barafu ya Mlima Kenya na ya Rwenzori, ambazo ziko chini zaidi na karibu na kiwango cha kuyeyuka, zinatoweka pia.

Kuhusu miti: kuikata hakukuyeyusha barafu ya kileleni, ila kumeumiza kitu kingine. Maji ya mifongo yetu, ile mifereji ya asili ya Wachaga, na ya visima vya tambarare hutoka hasa kwenye ukanda wa msitu, ambako mvua nyingi hunyesha. Mtu akikwambia tutakosa maji kwa sababu theluji imeisha, mwonyeshe msitu.

Na Ziwa Tanganyika? Dagaa wamepungua Kigoma.

Uvuvi wa kupindukia upo, usifichwe. Lakini ziwa hili hutegemea upepo wa kusi kuchanganya maji na kupandisha rutuba kutoka vilindini. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na hukaa kama mfuniko. Rutuba haipandi, mwani unapungua, dagaa na migebuka wanakosa chakula. Matope ya ziwa yanaonyesha kuwa joto la maji ya juu limefikia kiwango ambacho halikuwahi kukifikia kwa miaka 1,500.

Si mapenzi ya Mungu?

Mimi ni muumini, na sioni mgongano. Aliyeumba jua na volkano ametupa pia akili ya kuzipima, na vipimo vinasema moto huu tumeuwasha sisi.

Mkaa wangu na ng'ombe wangu vinachangia?

Vinachangia, kwa kiasi chake. Ng'ombe hutoa methani, gesi nyingine inayonasa joto, na shamba la mpunga lililojaa maji pia. Mkaa unaokatwa bila kupanda miti upya huongeza hewa ukaa na kukausha vijito. Lakini tusibebeshwe mzigo usio wetu. Afrika nzima hutoa takribani asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mmarekani mmoja hutoa tani 14 hivi kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Hilo linaniuma kila ninapolisema mbele ya watoto wa wakulima.

Kwa hiyo kila ukame na kila mafuriko ni tabianchi?

Hapana. Siku hizi wanasayansi hulipima kila tukio peke yake. Ukame wa Pembe ya Afrika, ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuua mifugo kwa mamilioni Somalia, Ethiopia na kaskazini ya Kenya, ulichunguzwa na kundi lililoongozwa na Mkenya Joyce Kimutai. Walikuta kuwa joto lililoletwa na binadamu liliufanya uwezekano wake uongezeke mara 100 au zaidi, hasa kwa sababu ya maji kukauka haraka ardhini na kwenye mimea. Ukame wa kusini mwa Madagaska, uliochunguzwa mwaka 2021 kwa njia hiyohiyo, ulionekana kuwa zaidi wa kawaida ya mvua za huko, na umaskini ndio ulioufanya kuwa njaa.

Tukizima kila injini leo, joto litarudi chini?

Litasimama kupanda, au karibu na hapo. Kurudi halitarudi upesi. Bahari na mimea hunyonya karibu nusu ya hewa ukaa tunayotoa, na sehemu ya inayobaki hukaa hewani kwa zaidi ya miaka 1,000. Methani hudumu miaka 12 hivi, hivyo kuipunguza huonekana mapema. Kwa barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya tumechelewa: UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba zote zitakuwa zimetoweka ifikapo 2050. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza watakuwa na miaka arobaini hivi.